Je, Jana Novotná alikuwa mwoga? Jibu kwa msomaji wa Tanga

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, nacheza tenisi hapa Tanga, mashindano ya klabu na ya mkoa. Tatizo langu ni kwamba nikiongoza, naharibu. Juzi nilikuwa mbele 5-2 seti ya mwisho, nikafungwa 7-5, na sevu zangu za pili zilinigomea kabisa. Tangu siku hiyo kocha wangu ananiita "Novotná". Nikatafuta video ya fainali ya Wimbledon ya 1993, nikamwona akilia begani kwa yule mama wa kifalme. Naomba kuuliza: huyu dada alikuwa mwoga kweli, au kuna zaidi? Na mimi nifanyeje, nipunguze nguvu ya sevu nikiwa naongoza? (Mwanaidi)

JIBU: Marahaba, Mwanaidi. Kocha wako amekupa jina kubwa kuliko anavyodhani. Huyo Jana Novotná, mchezaji tenisi Mcheki anayemtumia kukutania, alistaafu mwaka 1999 akiwa na mataji 100: 24 ya kucheza peke yake na 76 ya wawili wawili. Katika yale mashindano makubwa manne, yaani Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, ana mataji 17 ukijumlisha ya peke yake, ya wawili wawili na ya mchanganyiko wa wanawake na wanaume. Alifika namba 2 duniani kwa kucheza peke yake, na namba 1 kwa wawili wawili. Kwa hiyo akikuita tena, itika tu.

Lakini hukuuliza mataji. Umeuliza kama alikuwa mwoga, na hilo halijibiwi kwa kumsifia. Turudi uwanjani.

Tarehe 3 Julai 1993, uwanja mkuu wa Wimbledon. Msimu ulikuwa umetibuka. Monica Seles, namba 1 wa dunia wakati ule, alichomwa kisu mgongoni tarehe 30 Aprili akiwa amekaa kwenye kiti chake mapumzikoni katikati ya mechi huko Hamburg, na Wimbledon hakuwepo. Steffi Graf wa Ujerumani, aliyekwisha kulitwaa taji hilo mara nne, alionekana hana wa kumzuia. Novotná, binti wa miaka 24 kutoka Brno katika Jamhuri ya Cheki, alipangwa wa 8 kwenye orodha ya waliopewa nafasi. Watu husahau alivyofika fainali: robo fainali alimtoa Gabriela Sabatini, nusu fainali akamtoa Martina Navratilova, mwanamke mwenye mataji 9 ya Wimbledon ya kucheza peke yake, na wote wawili hawakupata hata seti moja kwake. Hiyo peke yake si kazi ya mtu anayetetemeka.

Seti ya kwanza aliipoteza kwa taibreki, ile gemu ya kuamua seti ikiwa 6-6, kwa pointi 8-6. Seti ya pili akamchapa Graf 6-1. Naomba, Mwanaidi, kabla hujarudia tena kuangalia yale machozi, uitazame seti hiyo kwanza. Utaona mchezo wa sevu na mbio: anapiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha pointi, mguu wa kwanza unaotua chini tayari uko ndani ya uwanja, anakimbilia wavuni, mpira unaorudi anaupiga kabla haujadunda. Anaupeleka mara kwa mara upande wa bekihendi ya Graf, yaani mapigo ya kuvuka mwili, maana fohendi yake, mapigo ya upande wa mkono wa raketi, ilikuwa balaa. Graf anakata slaisi, mpira wa kukatwa kwa chini, inayopita chini sana, Novotná anapiga goti, anaiokota, anaiweka pembeni. Gemu sita kwa moja dhidi ya bingwa mtetezi.

Seti ya tatu ikafika 4-1, Novotná anasevu, 40-30. Pointi moja tu na inakuwa 5-1. Sevu ya kwanza inakosa. Ya pili anaipiga, na hapa simamisha video uangalie mpira unapotua: umeruka kwa mbali mstari wa sanduku la sevu, lile eneo la mpinzani ambamo sevu lazima itue, haukukosa kwa unywele. Baada ya hapo voli ya fohendi, mpira wa kupigwa kabla haujadunda, ambayo siku nyingine angeipiga akiwa amefumba macho inatoka nje, kisha smashi, pigo la nguvu kutoka juu ya kichwa, inaishia wavuni. 4-2. Graf anashinda gemu anayosevu yeye, 4-3. Kwenye gemu inayofuata Novotná anafanya dabofolti tatu, yaani mara tatu anakosa sevu zote mbili. Kwa wanawake wa kiwango kile hiyo ni ajabu, tena kwenye gemu moja. 4-4. Graf hakuhitaji kuombwa. Gemu tano mfululizo, mechi 6-4.

Kisha ndipo likaja lile tukio la kukabidhi zawadi. Katharine, Duchess wa Kent, alimsemesha maneno ya kumtia moyo, na Novotná, aliyekuwa amejikaza mpaka pale, akamwangukia begani akalia. Picha ilizunguka dunia nzima. Kuanzia siku ile, mtu ambaye hajawahi kuona hata gemu moja ya Novotná anajua kwamba alilia.

Sasa swali lako. Je, aliogopa? Mwili wake, ndiyo. Sioni haja ya kuzungukazunguka. Ile sevu iliyoruka mbali inasema wazi. Sevu ya pili huingia kwa sababu ya mzunguko: raketi inapanda kwa kasi nyuma ya mpira, inausugua, mpira unapanda juu ya wavu halafu unazama kwa ghafla ndani ya sanduku. Mtu akishikwa na hofu, kitu cha kwanza kukaza ni mkono, kuanzia kiganja hadi bega. Kiganja kikikaza, raketi haisugui tena, inasukuma. Mpira uliosukumwa bila mzunguko hauzami. Unakwenda moja kwa moja hadi nje. Pia mkono unaorusha mpira juu unakaza, mpira unarushwa nyuma kidogo au pembeni kidogo, na mchezaji anaukimbiza kichwani badala ya kuupiga mbele yake. Kila kocha anayafahamu haya. Hata wewe, ukikumbuka vizuri ile gemu yako ya 5-3, nakuhakikishia sevu zako zilikuwa za aina mbili tu: zilizoruka mbali na zilizoanguka wavuni baada ya wewe kujaribu kurekebisha zile zilizoruka.

Lakini uoga ni jambo jingine kabisa. Mwoga hubadilisha mchezo. Anarudi nyuma ya mstari, anaanza kurudisha mipira tu, anasubiri mwenzake akosee. Wachezaji wengi wakubwa wamejificha hivyo na hakuna aliyewacheka, kwa sababu ukirudisha mipira juu ya wavu ukiwa mita moja nyuma ya mstari, hofu yako haionekani. Mtu wa sevu na wavu hana pa kujificha. Sevu yake ya pili haiwezi kuwa laini, maana anaifuata mbele. Ikiwa fupi, Graf anaikanyaga kwa fohendi na wewe uko katikati ya uwanja huna hata pa kukimbilia. Na nyasi za Wimbledon za wakati ule, kabla hazijabadilishwa mwaka 2001 na kuwa za aina moja ngumu zaidi, zilikuwa na mdundo wa chini na usiotabirika, hivyo kukaa nyuma ulikuwa mtego wenyewe. Novotná alitetemeka, ndiyo, huku akiendelea kwenda mbele. Alikosea akishambulia mpaka pointi ya mwisho. Ndiyo maana anguko lake lilionekana kubwa kiasi kile.

Kuna wanaonibishia hapa, na wana hoja. Wanasema, basi na ile mechi ya Paris? Mwaka 1995, raundi ya tatu ya mashindano ya Ufaransa, dhidi ya Mmarekani Chanda Rubin: Novotná aliongoza 5-0 seti ya tatu, 40-0. Pointi tatu za kumaliza mechi mkononi. Kwa jumla zilifika tisa kabla mechi haijaisha, na aliyeshinda alikuwa Rubin, 8-6. Na pale palikuwa udongo, hapakuwa na nyasi za kusingizia. Nakubali. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Novotná aliingia kila seti ya tatu akiwa na kumbukumbu ya 1993, huku wapinzani wake nao wakiikumbuka. Hilo la pili nadhani lilimwumiza zaidi. Rubin akiwa nyuma 0-5 alikuwa na sababu ya kuendelea ambayo asingekuwa nayo mbele ya mchezaji mwingine.

Hata hivyo, wanaotaja Rubin hawataji mashindano ya Australia, Melbourne 1991. Robo fainali, Graf huyo huyo, Novotná akapoteza seti ya kwanza 5-7, akashinda ya pili 6-4, na ya tatu akaimaliza 8-6. Kisha akafika fainali na kumnyang'anya Seles seti ya kwanza kabla ya kuzidiwa. Mtu anayevunjika kila mara haishindi mechi ya 8-6 dhidi ya Graf. Ukiniuliza mimi, Novotná alikuwa na tatizo la kweli la kufunga mechi, lilimgharimu mara chache mahali pabaya kabisa, na kazi yake iliyobaki imefunikwa na hizo chache.

Kazi hiyo iliyobaki ndiyo ninayotaka uifahamu, hasa upande wa wawili wawili, ambao kwetu tunauchukulia kama mchezo wa kumalizia jioni. Alishinda mashindano makubwa ya wawili wawili mara 12, na angalia wenzake: Helena Suková, Gigi Fernández, Arantxa Sánchez Vicario, Lindsay Davenport, Martina Hingis. Wachezaji watano tofauti kabisa kwa tabia na mitindo. Suková alikuwa mrefu mwenye sevu kubwa. Sánchez Vicario alikuwa mfupi anayekimbia kila kona. Hingis alikuwa binti mdogo aliyecheza kwa akili kuliko nguvu. Nafasi iliyobaki wazi, Novotná aliijaza yeye. Na Suková ndiye aliyeshinda naye medali mbili za fedha za Olimpiki, Seoul 1988 wakiwa na Chekoslovakia na Atlanta 1996 wakiwa na Jamhuri ya Cheki. Atlanta huko huko Novotná akachukua na shaba ya kucheza peke yake. Mataji yake manne ya mchanganyiko yote aliyapata akiwa na Mmarekani mmoja, Jim Pugh, kati ya 1988 na 1989.

Mpaka mwaka 1990 alijulikana hivyo tu, kama mtaalamu wa wawili wawili. Aliyembadilisha alikuwa Hana Mandlíková, Mcheki mwenzake aliyeacha kucheza mwaka huo na kuanza kumfundisha. Mandlíková mwenyewe alikuwa na mataji manne makubwa ya kucheza peke yake, lakini Wimbledon ilimponyoka: alifungwa fainali 1981 na Chris Evert, na 1986 na Navratilova. Hebu fikiria, mwalimu aliyepoteza fainali mbili kwenye uwanja ule ule anamlea mwanafunzi ambaye naye atapoteza mbili. Wangeweza kuachana baada ya 1993. Hawakuachana.

Fainali ya pili ilikuja 1997, dhidi ya Hingis aliyekuwa na miaka 16. Novotná akashinda seti ya kwanza 6-2, akapoteza mbili zilizofuata 6-3, 6-3. Safari hii hakuna la kuporomoka. Binti alikuwa bora. Novemba mwaka huo huo akaenda New York akatwaa mashindano ya kufunga msimu, akimfunga Mary Pierce kwa seti tatu mfululizo. Fainali ile ilikuwa ya seti tano kama ya wanaume, kwa hiyo usinisahihishe.

Halafu 1998. Kama una nafasi ya kutazama mashindano mamoja tu ya Novotná, tazama haya. Robo fainali anamfunga Venus Williams 7-5, 7-6. Nusu fainali anakutana na Hingis, bingwa mtetezi, namba 1 wa dunia, na mwenzake wa wawili wawili. Anamfunga 6-4, 6-4. Fainali ya tarehe 4 Julai ni dhidi ya Nathalie Tauziat wa Ufaransa, naye mtu wa wavuni. 6-4 seti ya kwanza. Seti ya pili inakwenda taibreki, mahali ambapo kila aliyekuwa uwanjani alikuwa anawaza mwaka 1993, na Novotná anaipiga taibreki ile 7-2. Alikuwa na miaka 29 na miezi tisa, na wakati ule hakuna mwanamke wa enzi ya kulipwa aliyepata taji lake kubwa la kwanza la kucheza peke yake akiwa na umri mkubwa kuliko wake. Duchess alikuwepo tena kumkabidhi ile sahani. Na Novotná hakuondoka na hiyo tu: yeye na Hingis, yule aliyetolewa naye nusu fainali, wakachukua na taji la wawili wawili, seti ya tatu 8-6.

Yeye mwenyewe alifariki tarehe 19 Novemba 2017 kwa saratani, akiwa na miaka 49. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi moja zaidi ambayo naiweka sawa na mataji yake. Mwaka 2014 msichana wa miaka 18 kutoka Brno alifika nyumbani kwake na wazazi wake, mkononi ana barua ya kuomba ushauri. Msichana huyo ni Barbora Krejčíková. Novotná akakubali kumfundisha, hadi ugonjwa ulipomzidi. Mwaka 2021 Krejčíková alishinda Ufaransa peke yake na wawili wawili pia, na tarehe 13 Julai 2024 akamfunga Jasmine Paolini fainali ya Wimbledon 6-2, 2-6, 6-4. Walipomwonyesha ubao wa majina ya mabingwa, jina lake likiwa ubao mmoja na la mwalimu wake, alishindwa kujizuia. Ukitazama Krejčíková anavyobadilisha kasi ya mpira na anavyopenda kumalizia wavuni, utaona umeshamwona mtu wa namna hiyo.

Tuje kwako sasa. Umeuliza kama upunguze nguvu ya sevu ukiwa unaongoza. Usithubutu. Ukipunguza kasi ya mkono unaondoa mzunguko, na nimeshakueleza mzunguko ndio unaouzamisha mpira ndani ya sanduku. Sevu ya pili salama ni ile ambayo mkono unakwenda kwa kasi ile ile ya sevu ya kwanza, ila unasugua zaidi kuelekea juu na unalenga juu zaidi ya wavu. Kinachopaswa kupungua ni haraka yako kabla ya kupiga. Sheria inakupa sekunde 25 kati ya pointi na pointi. Wengi wenu mkiingiwa na hofu mnatumia kumi, kama mnakimbia mvua. Geuka, nenda hadi nyuma kabisa ya uwanja, lainisha vidole kwenye mpini, pumua nje kwa muda mrefu, ndipo urudi. Ukirusha mpira ukaenda vibaya, uache udondoke au uudake, urushe upya. Hakuna adhabu. Nashangaa ni wachezaji wangapi wanaupiga mpira mbovu kwa sababu tu wanaona aibu kuudaka mbele ya watu.

Lenga mwili wa mpinzani, si kona. Ukilenga mwili una nafasi kubwa kushoto na kulia ya kukosea, na kwenye viwanja vyetu vya sementi mpira wenye mzunguko utamdundia kifuani, ambapo hakuna anayependa kupiga.

Kisha zungumza na kocha wako, na si kwa ugomvi. Mwambie wiki mbili zijazo mechi zako zote za mazoezi zianze seti ya tatu, 4-1, wewe ukiongoza, 40-30, sevu ni yako na una sevu moja tu, hakuna ya pili. Aandike kwenye daftari ngapi zimeingia, ngapi zimeruka mbali na ngapi zimeishia wavuni. Zile zilizoruka mbali ndizo za kushughulikia kwanza, maana zinatokana na kiganja kukaza. Za wavuni mara nyingi ni mpira uliorushwa mbele mno, na hizo zinarekebishika kwa siku chache. Ukishapata hesabu hizo niandikie, nitakuambia tuanzie wapi.